Fundi Muthama na Kifaru Mwenye Manyoya

Phares Muthama alichonga vifaru kwa miaka thelathini kabla ya kumwona kifaru. Si jambo la kuchekwa, ingawa sisi majirani zake pale ploti tulilicheka sana. Alianza akiwa mtoto kule kijijini Mwala, ameketi miguuni mwa baba yake, na baba yake naye alifunzwa hivyo hivyo. Sidhani kama katika ukoo ule mzima kulikuwa na mtu aliyewahi kusimama karibu na kifaru akarudi nyumbani kusimulia. Mkono ndio uliojua. Tezo inaanzia kwenye pembe, inashuka mgongoni, inazunguka tumbo, na kabla chai haijapoa una kifaru.

Siku moja shule ya mtoto wake Ndete ilipeleka watoto mbugani, Lang'ata, na kwenye basi kukabaki viti. Mkewe, Kasiva, akamvuta waende. Muthama akasimama mbele ya kifaru, mikono nyuma, akamtazama kwa muda mrefu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akasema, "Miguu ya nyuma waliiharakisha."

Basi huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Wachongaji walikuwa na banda lao mtaa wa Baba Dogo, nyuma ya ukuta wa kiwanda kimoja, watu arobaini hivi, na kila meza ilikuwa na mnyama wake. Meza ya simba, meza ya ndovu, meza ya twiga. Meza ya vifaru ilikuwa mbele kabisa, karibu na mlango, penye mwanga. Kule nyuma, karibu na choo, palikuwa na meza ya vijiko. Hapo waliketi wazee ambao mikono ilianza kuwasaliti, wakichonga vijiko vya saladi kutoka asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba kwenda vijikoni ni kustaafu ukiwa hai. Lakini aliyepelekwa huko alikuwa akila chakula chake cha mchana ameelekea ukutani.

Mwaka wa tisini na tatu watalii walikuwa wachache, na hao wachache walitaka twiga, kwa kuwa twiga huingia kwenye mkoba akiwa amelala. Vifaru wa Muthama walipanga foleni kwenye rafu, wakashika vumbi mpaka wote wakawa rangi moja. Mwenyekiti wa banda, Maingi, mtu aliyevaa koti hata siku ya jua kali na kuongea kama anayesoma kumbukumbu za mkutano, alimwendea siku ya kwanza ya mwezi.

"Fundi, kamati imeonelea kwamba meza ya mbele iende kwa twiga."

"Na mimi niende wapi, Mwenyekiti?"

Maingi akaangalia upande wa choo.

"Mimi naitwa Muthama kwa sababu mama alinizaa siku watu wetu wanahama," fundi akasema. "Jina ni la kuhama. Lakini kuhamia vijikoni, hapana."

Wakaongea, wakabishana, na mwisho Maingi akampa nafasi moja. Mwezi usiishe kabla mteja hajaja kwa miguu yake, akaagiza kifaru, akamwona, akamkubali mbele ya kamati. Akimkubali, meza inabaki. Akimkataa, Muthama achukue kigoda chake.

Mungu si Athumani. Juma lile lile akaja mwalimu mmoja wa sayansi, anafunza shule ya msingi huko upande wa Kariobangi, jina lake Waithera. Mwanamke mfupi, mwenye mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba kitabu kilichofungwa kwa gazeti ili kisichafuke.

"Nataka kifaru," akasema.

Banda lote likasimamisha tezo. Muthama akamshika mmoja rafuni, akampuliza vumbi.

"Si huyu," Mwalimu Waithera akasema. "Nataka mwenye manyoya."

"Mwalimu," mmoja wa meza ya simba akaita, "huyo ni kondoo aliyebandikwa pembe."

Walicheka mpaka Maingi akatoka ofisini. Mwalimu, ambaye kila siku alikuwa na watoto hamsini na nane mbele yake, alingoja wamalize. Kisha akakifungua kitabu juu ya meza ya Muthama, na yule mnyama akawa pale. Mkubwa, mzito, mwenye nundu mabegani kama ya fahali, pembe mbili, masikio madogo, mkia mfupi, na nywele ndefu za hudhurungi zikimteremka mpaka magotini.

Akawaeleza. Mnyama huyu hakuishi Afrika. Aliishi kwenye baridi, kuanzia Ulaya mpaka Siberia, wakati barafu ilipofunika nchi nyingi za huko. Alikula nyasi tu. Nundu ilimsaidia kubeba kichwa kile kizito, na mwilini alihifadhi mafuta ya siku za njaa. Mkia na masikio yalikuwa madogo ili baridi isipate pa kumshika. Watu wa kale walimwona kwa macho yao, wakamchora ukutani mwa mapango kwa udongo mwekundu. Halafu baridi ikapungua, nyasi zikabadilika, watu wakamwinda, naye akaisha, yapata miaka elfu kumi na kitu iliyopita. Baadaye sana, waliookota pembe zake huko Siberia walidhani ni kucha za ndege fulani mkubwa ajabu.

"Anaitwaje?" Muthama akauliza.

Hilo halikuwa swali la mazungumzo. Baba yake alimfunza kwamba huwezi kupiga gogo tezo ya kwanza kabla ya kulitajia jina la mnyama. Gogo lisipoambiwa linapasuka, kwa sababu halijui linakwenda wapi. Wachongaji vijana waliiacha desturi hiyo. Muthama hakuiacha.

"*Coelodonta antiquitatis*," Mwalimu akasoma. "Maana yake ni mwenye jino lenye shimo, wa zamani za kale."

Muthama akatazama picha, akamtazama Mwalimu. "Nywele mwili mzima, pembe imeshinda mtoto wa darasa la pili kwa urefu, halafu wakamwita kwa jino?"

"Aliyempa jina alikuwa na jino mkononi, Fundi. Mtu hutaja alichoshika."

"Angeshika mkia je?"

Mwalimu akacheka. Akasema anamtaka kwa siku ya wazazi, shuleni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Atakuja kumchukua Ijumaa ya kabla yake, saa nne. Akaacha kitabu. "Na cha muhimu," akasema akiwa mlangoni, "ni manyoya. Watoto wangu wanajua kifaru. Nataka wajue kwamba hata kifaru aliwahi kusikia baridi."

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba Muthama hakuwahi kuchonga nywele. Maisha yake yote kazi nzuri ilikuwa kazi laini. Kwa hivyo kesho yake akashuka mpaka Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, akaanza kuwapapasa. Mmoja baada ya mwingine, mgongo, mbavu, paja. Alipofika wa tisa, mwenye mbuzi, kijana mmoja aitwaye Aweys, akamjia.

"Mzee, unanunua au unawabariki?"

"Naangalia manyoya yanavyolala."

"Yanalala pale pale yalipoota."

"Hapana. Ona hapa begani yanaelekea chini, na hapa tumboni yanageuka. Nani aliyapanga hivi?"

Aweys akamtazama vizuri kuona kama ni mgonjwa. Alipoona si mgonjwa, akamwonyesha beberu mmoja mzee, mwenye ndevu, aliyefungwa peke yake kwa sababu ya harufu na tabia, na nywele ndefu kifuani kama shuka. Muthama alikaa na yule beberu asubuhi nzima. Alirudi Baba Dogo kila mtu akimpisha njia, lakini kichwani alikuwa na ramani.

Shida ya pili ilikuwa wenzake. Pale bandani, ukichonga kitu kipya Ijumaa, Jumatatu kiko kwenye meza sita, na cha jirani kina bei nafuu. Hivyo Muthama akalifunga gogo lake la muhugu kwenye gunia, akalipeleka nyumbani. Akalitajia jina lile refu lote, polepole, mara mbili asije akakosea. Akaanza kulichonga nyuma ya pazia, saa ambazo Kasiva alikuwa soko la Kariobangi akiuza vyondo, vikapu alivyosuka mwenyewe kwa mkonge. Kasiva hakuwa mtu wa umbea. Lakini alichota maji kwenye bomba moja na wake wa wachongaji watano, na bomba ni bomba. Muthama akaona heri asimwambie.

Umbo lilimchukua siku tatu. Pembe ya mbele aliichonga bapa kama panga, kwa sababu kitabu kilisema mnyama yule aliitumia kufagia theluji ili afikie nyasi. Nywele zilimchukua siku kumi na nne. Patasi zake zote zilikuwa nene. Akachukua mwavuli uliokufa, akang'oa uti mmoja, ule wenye mfereji katikati, na Thuo, fundi wa chuma wa jua kali, wale wa kando ya barabara, akaupika motoni mpaka ukawa na makali. Kwa huo uti wa mwavuli alichonga unywele baada ya unywele: begani chini, tumboni kugeuka, kama beberu. Alipomaliza, alimfunga kwenye gunia, akamsukuma chini ya kitanda. Alikuwa na siku tano mkononi.

Jumatatu habari ikaja kwamba mjomba wake amefariki. Muthama akaenda Mwala kuzika.

Sasa, lazima niwaeleze kazi ya Kasiva, ndipo mumwelewe. Banda lilikuwa la wanaume, lakini hakuna kichongo kilichouzwa bila kupita mikononi mwa wanawake. Mume huchonga, mke hupiga msasa. Muthama alileta gunia jioni, Kasiva akayalainisha yaliyomo: kwanza tupa, halafu msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule mwembamba kama karatasi ya sigara, halafu rangi ya viatu na kitambaa. Miaka ishirini na mbili. Vidole vyake viliweza kusikia mkwaruzo usioonekana kwa macho.

Jumanne alipofagia chini ya kitanda, akakuta gunia. Akatia mkono ndani bila kutazama, kama kawaida yake. Mkono ukatoka upesi.

Akamtoa yule mnyama, akamweka kwenye mwanga wa mlango, akaketi. Mnyama alikuwa amekwaruzwa mwili mzima. Hapakuwa na mahali pa ukubwa wa shilingi palipokuwa laini. Na mgongoni palikuwa na nundu, kana kwamba fundi alianza ng'ombe akasahau. Kasiva alilia kidogo, alituambia mwenyewe baadaye. Aliona macho ya mumewe yamekwisha, au mkono umeanza kutetemeka, naye kwa aibu akaificha kazi ile chini ya kitanda. Na Ijumaa kamati ingemwona.

Nundu hakuigusa, wala pembe ile ya ajabu, kwa kuwa umbo ni la mwanamume. Lakini ngozi ya kichongo ni ya mwanamke. Akaleta tupa. Siku mbili hakwenda sokoni. Muhugu ni mti mgumu, na mikwaruzo ilikuwa na kina, akabadilisha msasa mpaka ule wa duka la jirani ukaisha. Jumatano jioni akampaka rangi ya viatu ya kahawia, akamsugua mpaka kifaru akang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Muthama alirudi Alhamisi adhuhuri. Chai ilikuwa tayari, na mandazi. Kasiva alikuwa mpole kupita kiasi.

"Baba Ndete, mtu kuzeeka si kosa," akasema.

"Nani amezeeka?"

"Mimi sitamwambia mtu. Nimeshakutengenezea." Akaondoa kitambaa kilichomfunika kifaru mezani.

Waliokuwa kwenye ua wanasema hawakusikia kelele yoyote, na hilo ndilo lililowatia wasiwasi. Muthama alizunguka meza mara tatu. Akanyoosha mkono, akampapasa kifaru kuanzia begani mpaka tumboni, pale manyoya yalipokuwa yanageuka.

"Mama Ndete," akasema mwishowe. "Nywele zilienda wapi?"

"Nywele gani?"

Akaleta kitabu. Kasiva akaitazama picha. Akaitazama sana. Kisha akaangalia vumbi jekundu la muhugu lililojaa kwenye karai, ambalo alikuwa amepanga kuwashia jiko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utasema bombani."

"Gogo uliliambia?"

Muthama akalisogeza karai kwa mguu.

"Nakuuliza, jina uliliambia gogo?"

"Nililiambia."

"Gogo lina jina. Mke amepewa gunia." Akaketi. "Na anaitwaje mwenyewe?"

Akamwambia: jino lenye shimo, wa zamani za kale.

"Hata ungeniambia ningemnyoa tu," Kasiva akasema. "Jino halina manyoya."

Hapo Muthama akacheka, kicheko cha mtu ambaye hana kingine cha kufanya. Siku kumi na nne za kuchonga haziwezi kurudi mchana mmoja. Akatandika mkeka, akalala chali, akaanza kuwataja wazee wa meza ya vijiko kwa majina, mmoja mmoja, akifikiria ataketi kati ya nani na nani.

Kasiva hakulala. Alikuwa akifunua kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia vyondo. Karibu na mwisho akasimama.

"Amka unisomee hapa. Huyu naye nani alimnyoa?"

Ilikuwa picha ya zamani, isiyo na rangi. Mnyama yule yule, nundu yake, amelazwa, mzima kabisa na ngozi yake, kipara kama yai. Muthama akasoma taratibu kwa kidole. Alifukuliwa huko mashariki ya Ulaya, mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na tisa, kwenye shimo la udongo lenye chumvi na mafuta ya ardhini. Chumvi na mafuta vilimhifadhi asioze. Ila manyoya yalikuwa yametoka yote.

"Basi mimi si wa kwanza," Kasiva akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akanywa chai yake. "Huyu wetu ametoka shimoni. Sasa ni kumvalisha tu. Nipe uzi niupime huo mgongo."

Nyuzi za mkonge alikuwa nazo, za vyondo, zingine nyeupe, zingine zilizochemshwa kwa magome ya mti zikawa hudhurungi. Akaanzia kwenye nundu, kama anavyoanza kitako cha kiondo, akashuka mbavu zote mbili. Tofauti ni kwamba kila mstari aliacha nyuzi ndefu zikining'inia. Muthama alikaa karibu akimwelekeza: begani chini, tumboni zigeuke.

"Nani alikufunza haya?"

"Beberu wa Aweys."

"Ndiyo maana ulinuka wiki nzima."

Ijumaa saa nne banda lilikuwa limejaa. Hata wazee wa vijiko walikuja mbele kuona kama watapata mwenzao. Maingi alishika daftari. Mwalimu Waithera akafika na mkoba wake, na Muthama akafungua gunia.

Kifaru akang'aa.

"Kamati inaona kifaru," Maingi akasema. "Kamati haioni manyoya."

Mwalimu aliinama, akamzunguka, uso wake ukishuka kidogo kidogo. Muthama akakifungua kitabu kwenye picha ya shimoni. Ndipo Kasiva, ambaye katika miaka ishirini na mbili hakuwahi kupita mlango wa banda lile, maana wanawake walipokea magunia nyumbani, akaingia na kiondo chake begani. Akatoa joho la mkonge, akamvalisha kifaru, akamfunga kamba mbili chini ya tumbo kama mtoto anayekwenda shule asubuhi ya baridi ya Julai.

Meza ya simba ndiyo iliyoanza. "Muthama amempeleka kifaru soko la Gikomba, akamnunulia koti la mtumba."

"Mwambieni afunge vifungo, kuna upepo."

Kicheko kikaenea mpaka kwa wazee wa vijiko. Muthama akasimama katikati ya kicheko hicho, akamsubiri Mwalimu tu.

Mwalimu alimvua kifaru lile joho. Akaitazama picha ya shimoni, akamtazama kifaru. Akamvalisha tena, akaifungua picha ya mwanzo. Kisha akauliza kwa sauti ya darasani, "Fundi, kwa nini pembe hii ni bapa?"

"Ya kufagia theluji, Mwalimu. Nyasi ziko chini."

"Na mkia mbona mfupi?"

"Baridi isishike."

"Na huyu bila nguo ni nani?"

"Ni yule wa chumvi na mafuta. Mke wangu ndiye aliyemfukua," Muthama akasema.

Mwalimu alikuwa ameshika kichwa cha kifaru, kidole kikipita nyuma ya sikio, kikasimama hapo. Nyuma ya masikio na chini ya kidevu, mahali ambapo kidole cha Kasiva na msasa wake havikuweza kuingia, nywele zilikuwa bado zipo, nyembamba, zimelala zote upande mmoja.

"Hapa ulichonga," akasema taratibu.

"Nilichonga, Mwalimu. Kote."

Mwalimu akamtazama Kasiva, Kasiva akatazama viatu vyake, na mwalimu wa miaka mingi hahitaji kuelezwa zaidi. "Hapa pasiguswe," akasema. "Ninamchukua. Niliagiza mmoja, nimepata wawili: aliyeishi na aliyefukuliwa."

Maingi akakohoa. "Ila kanuni inasema kichongo, Mwalimu. Hili ni vazi."

"Mwenyekiti, wewe ukivua hilo koti huwa mtu mwingine?"

Banda zima likageuka kumtazama Maingi ndani ya koti lake, jasho likimtoka. Akafungua daftari, akaandika: *Kifaru mmoja pamoja na nguo zake. Mteja ameridhika.* Halafu akaongeza kwa herufi ndogo: *Meza ya mbele ibaki.*

Muthama alibaki mbele, penye mwanga, miaka mingine mingi. Jumatatu iliyofuata vifaru watatu wenye majoho ya mkonge walikuwa kwenye meza ya simba, lakini hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni la nyumbani. Alileta gunia jioni, akalitua, na Kasiva akaketi na msasa mapajani bila kulifungua.

"Jina?"

"Ni vifaru tu, Mama Ndete."

"Wa baridi au wa Lang'ata?"

"Wa Lang'ata."

"Gogo linajua?"

"Linajua."

"Haya," Kasiva akasema, akatia mkono guniani.